Mzunguko Mmoja na Robo

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Haipo. Na mkiona jambo la huko linafanana na la kwenu, basi nyinyi ndio mmeiga, sisi hatuna habari. Mimi ni mtumishi mtiifu wa serikali, fundi bomba daraja la tatu, na kila ninachosema nakisema kwa nia njema kabisa.

Jina langu Mhando. Nimepangiwa Kiambaza, kituo cha mwisho cha Bomba la Taifa. Ukifika kwangu bomba limekwisha, barabara imekwisha, na watu nao wamekwisha. Zamani tulikuwa kaya arobaini. Maji hayakuja, watu wakahama mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja akipita kuniaga na kuniachia kitu. Huyu kinu, yule jogoo, wengi ufunguo wa nyumba ili niwe nawaangalizia mchwa. Sasa nina funguo thelathini na tisa kwenye msumari mmoja, na kila jioni nazunguka kuangalia mchwa. Mchwa wapo. Wao hawakuhama.

Wa mwisho kuhama alikuwa mke wangu, Mashavu.

Hakuondoka kwa ugomvi, nisije nikamsingizia bure. Alikwenda kisimani mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, miaka kumi na mmoja, na mumewe ni fundi bomba. Asubuhi moja akatua ndoo, akanitazama. "Fundi, nimechoka. Siku nitakayofungua bomba humu jikoni mwangu likatoa maji, siku hiyo nitakaa. Kabla ya hapo usiniite." Akajifunga kitenge, akaenda mjini kwa dada yake. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa barabara. Niliporudi nikakuta kikombe chake cha chai bado kina joto, nikakaa nacho mkononi mpaka kikapoa. Ni miaka sita sasa.

Mtaniuliza, wewe fundi gani, kwani kilikuwa kimebaki nini? Kilibaki kiungio kimoja.

Ngoja niwaeleze, maana ndiyo kazi yangu na hapa sina wa kumweleza. Mrija wa shaba unaungwa bila moto na bila gundi. Unaukata sawasawa, unausugua kingo zisikwaruze, unauvisha nati, halafu unauvisha kipete kidogo cha shaba, halafu unausukuma ndani ya kiungio mpaka ugote. Nati unaikaza kwa vidole mpaka vidole vikatae. Kisha unachukua spana: mzunguko mmoja na robo. Basi, weka spana chini. Kipete kinaminywa, kinauma mrija pande zote, hakiachii tena. Ukipunguza, panavuja. Ukizidisha, unaubonyeza mrija, na panavuja vibaya zaidi. Na kipete kikishauma mara moja, hukitoi ukakitumia kwingine.

Mashavu nilimfundisha haya wiki ya harusi yetu. Pete ya dukani sikuwa nayo, nikamvisha kipete cha mrija wa nusu inchi, kikamkaa sawasawa kidole cha mwisho. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kumbe kazi yako yote ni kujua pa kuachia!" Alipoondoka alikiacha ndani ya kopo la vifungo. Sikukigusa.

*

Serikali haikukaa kimya, jamani, msiifikirie vibaya. Iliunda Kamati ya Taifa ya Kuchagua Viungio. Wajumbe ishirini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika spana, maana waliowahi kushika walienguliwa mapema kwa kuwa na upendeleo.

Walikaa miaka mitatu. Vilipangwa viungio vya aina tatu juu ya kitambaa chekundu. Cha plastiki kilikataliwa kwa sababu ni chepesi, na serikali nyepesi nani anaitaka? Cha chuma kilikataliwa kwa sababu kinashika kutu, na mjumbe mmoja akasimama akasema kutu ni dalili ya manung'uniko. Cha shaba ya manjano kilipita kwa makofi kwa kuwa kinang'aa kwenye picha. Ikaja saizi. Zilikuwa mbili, zimepishana unene wa ukucha. Wajumbe walipiga kura wakachagua ile isiyoingia kwenye mrija hata ukiibembeleza. Kwa bahati karani akakosea kuandika, na nchi nzima ikaletewa saizi iliyo sawa. Karani alifukuzwa kazi.

Kila kiungio kililetwa na kipete kimoja tu. Niliandika barua nikaomba cha akiba. Jibu likaja na mihuri mitatu: "Fundi anayeomba kipete cha akiba anatarajia kushindwa. Je, unatarajia serikali ishindwe?" Nikaandika barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, nakala nne.

Basi nikalaza mrija wangu mpaka jikoni, nikafunga koki ukutani, nikavisha nati na kipete, nikakaza kwa vidole. Spana nikaiweka chini, maana hapo sheria ilinizuia.

Ipo Sheria ya Ukazaji. Zamani mafundi walikuwa wanakaza nati kiholela tu, bila hotuba, watu wakanywa maji bila kujua wamshukuru nani. Aibu gani hiyo! Ndipo ikaamriwa kwamba nati ya mwisho ya kila nyumba itakazwa na mgeni rasmi, na maji hayatafunguliwa mjini mpaka taarifa ya ukazaji ifike. Nati yangu ikafungwa lakiri ya risasi, mtu asiiguse. Nikaambiwa nisubiri zamu yangu.

Nilisubiri. Asubuhi naifuta vumbi ile nati, nachemsha maji ya kisimani, nakunywa chai nimeikabili. Wakati mwingine naongea nayo. Sioni haya kusema. Mtu akikaa peke yake muda mrefu anaongea na kilichopo.

*

Wiki moja kabla ya siku ya ukazaji wangu akaja Bwana Chikoti, Afisa Itifaki, na lori la viti mia nne. Akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Wananchi wako wapi?"

"Ndiye mimi, mkubwa."

Akafungua jalada. "Hapa imeandikwa umati."

"Umati ulihama."

Mtu mwingine angekata tamaa, lakini yule bwana amesomea. Aliwaza kidogo, akatoa kalamu. "Itifaki haigombani na idadi, inagombana na mpangilio. Saa nne utakuwa wazee wa kijiji. Saa nne na robo, vijana. Saa nne na nusu utasoma risala kwa niaba ya wakazi wote. Kwaya unaijua?"

"Sauti ya chini tu."

"Inatosha. Vigelegele?"

"Hapa alikuwa anapiga mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Alihama."

"Basi jifunze."

Nilijifunza. Wiki nzima, nikizunguka kuangalia mchwa, napiga vigelegele kwenye nyumba tupu moja baada ya nyingine. Vinarudi vimekuwa vyembamba. Siku ya tatu nilikaa kwenye baraza ya jirani yangu wa zamani nikalia, sijui hata kwa nini siku ile. Halafu nikaendelea na mazoezi, maana siku zilikuwa zinakwisha.

*

Siku ikafika. Magari kumi na manane, vumbi mpaka mbinguni. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Ndimbwelu, Waziri wa Viungio, Ukazaji na Furaha ya Maji. Saa nne nikavaa kofia nikampokea kama wazee. "Shikamooni wazee wangu!" akaamkia yeye kwa unyenyekevu, ingawa mimi ni mdogo kwake kwa miaka kumi. Nikajibu marahaba kwa niaba ya wazee. Nikavua kofia, nikawa vijana. Nikaimba. Nikasoma risala. Nikaenda mbio kukaa kwenye viti niisikilize hotuba, na Bwana Chikoti akanifanyia ishara nisogee sogee ili kila upande uonekane una mtu.

"Ndugu wananchi!" akanguruma Mheshimiwa, ananitazama mimi. "Wako wanaosema maji ni hidrojeni na nini sijui. Waongo! Maji ni utashi! Nati hii nitakayoikaza leo si nati. Ni mkono wa serikali ukikushikeni, nyinyi, mamia kwa mamia!"

Nikapiga makofi mamia kwa mamia.

Tukaingia jikoni kwangu. Jikoni pana nafasi ya watu watatu wakiwa wanapendana. Waliingia kumi na sita, wengine wakabaki mlangoni wamepanga foleni kwa vyeo. Waziri akakata lakiri kwa mkasi wa dhahabu, akashika spana. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na ukuta, nahesabu. Robo. Nusu. Robo tatu. Mmoja. Mmoja na robo, na hapo akahema, akaacha. Jamani! Sawasawa kabisa! Nilitaka kumbusu kichwa. Miaka sita, na mtu asiyejua anachofanya kaachia pale pale panapotakiwa.

Kisha akampa spana Naibu Waziri.

Sikujua. Kwenye itifaki mpya, mkubwa akikaza na wewe upo, lazima ukaze. Kutokaza ni kususa. Naibu akaongeza robo. Katibu Mkuu akaongeza robo, kwa heshima. Mkurugenzi, robo, akipigwa picha. Nati ikaanza kulia.

Nikasema, "Mheshimiwa, inatosha."

Bwana Chikoti akainama sikioni kwangu. "Mwananchi, katika nchi hii hakuna anayeiambia serikali inatosha."

Wakakaza wote kumi na sita. Mkuu wa wilaya, ambaye ni wa mwisho na ni kijana mwenye misuli, ilibidi apande kwenye kigoda. Nilisikia mrija ukibonyea. Sauti ndogo tu, wao hawakuisikia, mimi niliisikia kama kaniminya mtu.

Ikapigwa simu mjini, maji yakafunguliwa. Yalikuja. Hayakutokea kwenye mdomo wa bomba, yalitokea kwenye nati, yakaruka kiubavu yakampiga Mkurugenzi kifuani. "Mmeyaona maji!" akapaza sauti Waziri. "Mmeyaona kwa macho yenu!" Nikapiga vigelegele, nilikuwa nimeshajifunza. Chini chini nikanyoosha mkono nikafunga koki kubwa ya nje kupitia dirishani.

"Sasa," akasema Bwana Chikoti, "aitwe mnufaika!"

Mlikwisha kusikia habari zake redioni, bila shaka, Mama Mchota Maji wa Taifa, yule anayechota ndoo ya kwanza kila panapozinduliwa. Redioni anatajwa tu, haongei, na sura yake sikuwahi kuiona, redio haina sura. Wakapisha njia. Akaja mwanamke kavaa kitenge chenye picha ya Waziri mgongoni, kashika ndoo yenye muhuri na namba. Akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

Mashavu. Anapiga hodi nyumbani kwake.

Nikajibu, "Karibu."

Akaweka ndoo chini ya bomba. Akafungua. Bomba likapumua upepo, fuuu, likanyamaza. Hakushtuka. Ndoo ilikuwa imeshajazwa kwenye tangi la lori, ndivyo wanavyofanya kila mahali. Akaiinua, akajitwisha, akasema maneno yake huku kamera zinawaka: "Ahsante serikali, leo nimetua mzigo." Akasema huku ndoo iko kichwani.

*

Wakubwa wakaenda kula kwenye turubai. Tukabaki wawili jikoni.

"Umepungua, Fundi," akasema.

"Chakula cha peke yako hakishuki."

Akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama. Hapakuwa na vumbi. "Na sufuria yangu umeisugua."

"Naisugua kila Ijumaa. Mashavu, baki. Nakata hapo palipobonyea, naunga upya. Robo saa haiishi."

"Hii kazi yangu ina fomu," akasema polepole. "Kila mwisho wa mwezi najaza. Mstari wa saba unauliza, nyumbani kwa mnufaika kuna maji ya bomba? Lazima iwe hapana. Wanasema mwenye maji kwake hawezi kushukuru kwa dhati. Nikiandika ndiyo, kazi imekwisha."

"Nyumbani umeandika wapi?"

"Hapa. Niandike wapi tena?"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima mimi.

"Huko mjini wamenipa chumba ghorofa ya nne," akaendelea. "Watu wananijua. Nikipita wananiita, mama, mama. Hapa nilikuwa naongea na ndoo." Akanigeukia. "Na wewe unaongea na nani?"

"Na nati."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Nje Bwana Chikoti akapiga honi. "Mama! Msafara!"

"Mimi nilisema siku litakapotoa maji," akasema Mashavu. "Leo halijatoa."

"Halijatoa."

"Una kipete kingine?"

"Kipo kimoja. Kiko kwenye kopo la vifungo."

Alikitazama kidole chake cha mwisho, akafunga kiganja. "Basi kiweke vizuri," akasema, akachukua ndoo ya serikali, akatoka. Vumbi likakaa juu ya viti mia nne, kisha wakaja kuchukua na viti.

*

Nilisoma Sheria ya Ukazaji mpaka nikapata kifungu kinachosema nati iliyokwisha kuzinduliwa inaruhusiwa kukarabatiwa. Kwa hiyo sikuvunja sheria, naomba ieleweke. Nilikata mrija palipobonyea. Ulikuwa umekuwa bapa. Nikausugua kingo, nikavisha nati, nikafungua kopo la vifungo.

Nilikishika kile kipete muda mrefu. Nilijua kikishauma hakirudi kidoleni kwa mtu. Nikakivisha. Nikasukuma mpaka ukagota. Vidole, mpaka vikakataa. Spana. Robo, nusu, robo tatu, mmoja. Mmoja na robo. Nikaweka spana chini, nikaenda nje kufungua koki kubwa, nikarudi mbio.

Maji yalitoka. Mengi, yana baridi, yananguruma kwenye ndoo. Nikapitisha kidole chini ya nati. Kikavu.

Nikampigia simu. Ikaita sana.

"Fundi?" Nyuma yake kulikuwa na matarumbeta.

Niliisogeza simu kwenye bomba, nikaishikilia hapo. Kisha nikairudisha sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia." Akavuta pumzi. "Ulikaza ngapi?"

"Mmoja na robo."

"Panavuja?"

"Hapavuji."

Kwenye simu nilimsikia Mheshimiwa Ndimbwelu akiwaambia watu wengine kwamba maji ni utashi. "Ngoja, Fundi, wananiita nikachote," akasema Mashavu. Hakukata simu. Nilisikiliza makofi, nikasikia sauti yake mbali ikisema ahsante serikali, leo nimetua mzigo. Nilisubiri arudi mpaka salio likaisha.

*

Mwisho wa mwezi akaja tarishi wa pikipiki na bahasha. Ndani ilikuwa ile fomu. Sikuwa najua, lakini chini kabisa pana sehemu ya Fundi wa Kituo: athibitishe kwa kuangalia mwenyewe kwamba majibu ya mnufaika ni ya kweli. Kwa nyumba yetu, fundi wa kituo ni mimi.

Niliutafuta mstari wa saba. Nyumbani kwa mnufaika kuna maji ya bomba? Kwa mwandiko wake, ule mkono wake mzito unaotoboa karatasi, alikuwa ameandika: Hapana.

Tarishi alikuwa ameegemea mlango. "Ni sahihi tu, fundi. Weka niende."

"Imeandikwa niangalie mwenyewe," nikamwambia.

Mimi si mwongo. Ningeandika kweli, wangemfukuza, naye angerudi Kiambaza kwa sababu hana pa kwenda. Sikuwa nimemsubiri miaka sita nije nimpate hivyo. Nikatoka nje, nikafunga koki kubwa mpaka mwisho. Nikarudi jikoni na tarishi ananitazama. Nikafungua bomba. Liliteremsha maji yaliyokuwa yamebaki kwenye mrija, kikombe kimoja hivi, kisha likadondosha, kisha likanyamaza. Nikapitisha mkono chini yake. Hakuna kitu.

Nikaandika: Nimeangalia. Hakuna maji. Mhando, Fundi Daraja la Tatu. Nikapiga muhuri.

Tarishi akaondoka. Niliisikiliza pikipiki mpaka ikapotea. Kisha nikaenda kufungua koki tena, nikarudi nikajaza ndoo mbili kama ninavyofanya kila siku, yangu na yake, nikazifunika.